Frederic Edwin Church

Frederic Edwin Church (Hartford, Connecticut, 4 Mei 1826 – New York, 7 Aprili 1900) alikuwa mchoraji wa mandhari kutoka Marekani. Alikuwa mmoja wa wasanii mashuhuri wa kundi linaloitwa Shule ya Mto Hudson. Anajulikana pia kwa picha kubwa ya mji wa Yerusalemu aliyoikamilisha mwaka 1870.

Maisha

Alizaliwa katika familia tajiri. Mwaka 1844 alianza kujifunza kwa mchoraji Thomas Cole huko Catskill, akakaa kwake miaka 2. Picha yake ya Maporomoko ya Niagara (1857) ilimletea umaarufu. Picha ya milima ya Andes, aliyoichora baada ya safari 2 za Amerika Kusini, ilionyeshwa mwaka 1859. Maelfu ya watu walilipa kiingilio ili kuitazama, kisha ikauzwa kwa dola 10,000.

Mwaka 1860 alimwoa Isabel Carnes. Machi 1865 watoto wao 2 walifariki kwa dondakoo katika muda wa siku chache. Baadaye walijaliwa watoto wengine 4.

Picha ya Yerusalemu

Kati ya miaka 1867 na 1869 Church alisafiri na familia yake Ulaya na Mashariki ya Kati. Mwaka 1868 alifika Yerusalemu, uliokuwa chini ya Milki ya Osmani. Alichora michoro mingi na kununua picha za kamera, akavitumia vyote aliporudi kwao. Katika picha yake mji unaonekana kutoka Mlima wa Mizeituni: mbele kuna mizeituni na wasafiri wenye ngamia, ng'ambo ya bonde kuna kuta za mji na Kuba ya Mwamba. Leo picha hiyo imo katika makumbusho ya Nelson-Atkins, Kansas City.

Miaka ya mwisho

Ugonjwa wa baridi yabisi uliharibu mkono wake wa kulia, akajifunza kuchora kwa mkono wa kushoto. Wakati huo mitindo ya sanaa ilikuwa imebadilika, na alipofariki watu wengi walikuwa wamemsahau. Mwaka 1966 nyumba yake ya Olana, juu ya Mto Hudson, iliokolewa isiuzwe kwa watu binafsi ikawa mali ya jimbo la New York. Mwaka 1979 picha yake ya milima ya barafu baharini, iliyogunduliwa katika nyumba moja huko Manchester, Uingereza, iliuzwa kwa dola milioni 2.5.