Mwalimu aliyekifundisha chuma kupiga mbizi

Mimi ni mtu wa Mombasa, lakini mwaka wa tatu huu nasomesha Lorugum, magharibi ya Lodwar, ambako maji ya kutegemea ni ya kisima na ya Mto Turkwel. Juzi mwanafunzi wangu mmoja aliniuliza vipi nyambizi ya chuma izame kwa hiari yake kisha iibuke. Nilimjibu kwa kumsimulia habari za mwalimu mwenzetu, John Philip Holland.

Holland alizaliwa mwaka 1841 Liscannor, kijiji cha pwani ya Ireland. Utotoni aliiona njaa kuu iliyoua watu kama milioni moja nchini mwake, chini ya utawala wa Uingereza. Alikua, akasomesha shule za watawa, mpaka afya ilipomshinda. Mwaka 1873 alihamia Marekani na kupata kazi ya ualimu Paterson, New Jersey.

Mwaka 1875 alipeleka mchoro wa nyambizi kwa jeshi la majini la Marekani. Ukakataliwa. Waliompa fedha ni Wairishi wenzake waliotaka kupigana na Uingereza. Nyambizi ya kwanza, mwaka 1878, ilikuwa ya futi 14 tu. Ya pili, mwaka 1881, ilifika futi 31. Kisha wafadhili wale wakagombana kwa ajili ya fedha, na mwaka 1883 wakaiiba usiku. Holland hakufanya kazi nao tena.

Siri yake ilikuwa nini? Wengine walijaza maji mpaka chombo kikazidi uzito, kikashuka kama nanga. Yeye alifuata mwendo wa pomboo. Alijaza matangi kwa kiasi, chombo kikabaki chepesi kidogo kuliko maji, kisha akakiinamisha pua kwa usukani wa nyuma na mashine ikakisukuma chini. Mashine ikizimika, kinapanda chenyewe. Juu ya maji alitumia injini ya petroli. Chini, ambako injini haina hewa, alitumia umeme wa betri.

Nyambizi yake ya sita ilishushwa majini tarehe 17 Mei 1897, na mwaka 1900 jeshi lile lile la Marekani likainunua. Haikuwa na periskopu. Nahodha alitaka kuona, sharti aibuke achungulie kwenye vioo vya mnara. Baadaye wengine waliongeza periskopu na usukani wa mbele, wakabadilisha petroli kwa dizeli, na mwaka 1954 Marekani ikashusha Nautilus inayokwenda kwa nguvu za nyuklia.

Lakini kilichonifanya niandike ni wanunuzi. Uingereza, adui wa ujana wake, ilishusha nyambizi ya Holland mwaka 1901. Japani ilinunua tano, zikawa nyambizi zake za kwanza, na Mfalme wa Japani akamtunuku nishani. Holland alifariki tarehe 12 Agosti 1914, Vita Kuu ikiwa ndiyo kwanza imeanza. Mwezi uliofuata, nyambizi moja ya Kijerumani ilizamisha manowari tatu za Uingereza kwa asubuhi moja.

Miaka thelathini baadaye zamu ikatufikia sisi. Februari 1944 meli Khedive Ismail iliondoka Kilindini kuelekea Colombo, ikiwa na wauguzi na askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Tarehe 12, karibu na visiwa vya Maldives, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga kwa topido. Ilizama kwa chini ya dakika tatu. Walikufa watu zaidi ya 1,200.

Nimekulia karibu na Kilindini, wala shuleni sikuambiwa habari hizo. Nimezisoma ukubwani, peke yangu.

Yule kijana wangu ana mikono ya ufundi, na iko siku atatengeneza kitu. Nilimwambia ajifunze kwa Holland subira ya kukataliwa na kuanza upya. Ajifunze pia kwamba chombo kikishauzwa hakimjui fundi wake, wala hakiulizi waliomo ndani ya meli ni wana wa nani.