Maisha ya Nana Asma'u binti Shehu Usman, Mwalimu wa Wanawake wa Sokoto

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake na ali zake na sahaba zake, ijulikane ya kuwa katika nchi za Sudani ya magharibi, ambazo leo zimo ndani ya dola ya Nijeria, alizaliwa mwaka wa 1793 wa miladi mtoto wa kike katika kijiji cha Degel, katika milki ya wafalme wa Gobir. Baba yake ni Shehu Usman dan Fodio, mwanachuoni wa Kifulani, Maliki kwa madhehebu na Qadiri kwa tarika. Mtoto huyo alizaliwa pacha, na desturi ya watu wa huko ni kuwa mapacha wakiwa mume na mke huitwa Hassan na Hussaina. Yule wa kiume akaitwa Hassan kama ilivyo ada. Lakini wa kike Shehu alimpa jina la Asma'u, jina la binti Abubakar Siddiq, aliyewapelekea chakula Mtume na baba yake pangoni katika safari ya Hijra. Ama neno Nana ni la heshima tu, kama watu wa pwani wasemavyo Mwana au Bibi.

Hapana mtu awezaye kuyafahamu maisha ya mwanamke huyu illa ajue kwanza ugomvi aliokuwa nao baba yake na wanavyuoni wa zama zake. Shehu alikuwa akitembea vijijini akiwaidhi, na wanawake walikuwa wakihudhuria darasa zake, wamekaa mbali na wanaume. Wakatokea waliomlaumu, na mmoja wao, mwanachuoni wa Bornu, alimpelekea mashairi ya kumtaka awakataze wanawake kuhudhuria. Aliyejibu ni Abdullahi, ndugu yake Shehu, kwa mashairi vilevile, kuwa kuwaacha wanawake katika ujinga ni shari kubwa kuliko hiyo inayoogopwa. Na Shehu mwenyewe aliandika katika kitabu chake Nur al-albab, akawakemea sana wanavyuoni wanaosomesha wanafunzi asubuhi na jioni, na hali wake zao na binti zao na watumwa wao hawajui tohara wala sala. Hoja yake ni wazi kwa kila aliyesoma fikihi: kumfundisha mke na mtoto yale ya lazima katika dini ni faradhi juu ya mwenye nyumba, na hao wameiacha faradhi wakashika iliyo chini yake. Hayo ni maneno ya Maliki, walakini Mshafii hatapata pa kuyakataa.

Basi Shehu aliyatenda nyumbani kwake kabla ya kuyasema nje. Wake zake walisoma na wakasomesha, na Khadija, dada mkubwa wa Asma'u, alikihamisha kitabu cha Mukhtasar cha Khalil, ambacho ndicho nguzo ya fikihi ya Kimaliki, akakitia katika lugha ya Kifulfulde. Asma'u alilelewa katikati ya hayo. Akahifadhi Kurani, akasoma nahau na fikihi na hadithi na tasawufi, akajua Kiarabu na Kifulfulde na Kihausa, na lugha ya Watuareg pia.

Mwaka wa 1804, alipokuwa na umri wa miaka 11 au karibu yake, mfalme wa Gobir aliwafanyia Waislamu uadui, Shehu akahajiri na watu wake kutoka Degel mpaka Gudu. Vita vikafuata, na njaa, na kuhama mahali baada ya mahali, mpaka mji wa Alkalawa ulipotekwa mwaka wa 1808. Katika vita hivyo, mwaka wa 1807, aliozwa Gidado, rafiki mkubwa wa Muhammad Bello ndugu yake. Shehu alipofariki mwaka wa 1817 Bello alishika ukhalifa, na Gidado akawa Waziri wake. Gidado hakumzuia mkewe na kalamu. Wote wawili walikuwa waandishi, na baada ya kufariki Bello mwaka wa 1837 walishughulika pamoja kuziandika khabari za Shehu na za jamaa yake ili zisipotee.

Walakini kazi iliyomfanya Asma'u ajulikane haikuwa ya maktaba. Vita vilipokwisha, majumba ya Sokoto na vijiji vyake yalijaa wanawake wa Gobir na wa nchi nyingine zilizoshindwa: wajane, mayatima na mateka. Wengi walijiita Waislamu, au waliitwa hivyo, na hali hawakujua katika Uislamu ila jina. Walichokijua ni kupunga pepo, na huko Gobir palikuwa na mwanamke mkuu, aitwaye Inna, aliyesimamia mambo hayo na kusikilizwa na wote. Nani angewafundisha wanawake hawa? Wanavyuoni wanaume hawakuweza kuingia majumbani mwao, nao hawakuweza kuziacha kazi na watoto kwenda mjini. Na ambaye hafundishwi leo, kesho huwalea watoto wake kwa kile kile anachokijua.

Asma'u alianza kwa mashairi. Wanawake hao hawakujua kusoma, lakini walijua kuimba na kuhifadhi. Basi akayatunga yale ya lazima katika beti, akayatia katika Kihausa, lugha yao wao, wala si Kifulfulde cha nyumbani kwake. Akatunga sira ya Mtume na khabari za Akhera na maisha ya Shehu. Akatunga shairi la majina ya sura zote za Kurani, ambalo lapatikana kwa lugha tatu, Kifulfulde na Kihausa na Kiarabu. Mwanamke akilishika shairi hilo ameshika mlango wa Kurani nzima. Katika shairi jingine alitaja wanawake wachamungu, tangu wale wa zamani kama Rabia al-Adawiyya mpaka wa jamaa ya Shehu, ili anayesikiliza ajue ya kuwa jirani yake naye aweza kuhesabiwa pamoja nao. Na alikuwa hodari wa takhmisi, fani inayopendwa pia pwani: huchukua beti za mwingine, hasa za baba yake au ndugu yake, akaziongeza mishororo mitatu mitatu.

Kisha akaziunda safari za wanafunzi, waitwao 'Yan Taru, yaani wanawake wa mkusanyiko. Katika kila kijiji aliteua mwanamke mwenye akili na mwenendo mwema, aitwaye jaji, akamfundisha yeye kwanza. Jaji huyo huwakusanya wanawake wa kwao, hasa wasichana wadogo na watu wazima waliokwisha kuzaa, akaja nao kwa Asma'u mjini Sokoto. Na wale wanaolea hubaki majumbani, jaji akawafundisha huko huko. Na yapasa kuutazama ujanja wa huyu bibi. Inna wa Gobir alikuwa akivaa kofia kubwa ya ukili iitwayo malfa, ndiyo alama ya ukuu wake. Asma'u hakuipiga marufuku. Aliichukua kofia ile ile, akaifunga kitambaa chekundu, akamvika kila jaji kwa mkono wake. Kwa hiyo wanawake walipoiona kofia wakaifuata kama walivyozoea, isipokuwa sasa iliwapeleka kwenye tohara na sala. Zawadi walizomletea aliwagawia wenye haja. Watu wakamwita Uwar Gari, yaani Mama wa Mji.

Yeye mwenyewe hakutembea vijijini. Alikaa nyumbani kwake Sokoto, akilea na kuendesha nyumba ya Waziri, na sauti yake ikafika asikofika. Na asidhani mtu ya kuwa wanavyuoni walimdharau: mmoja wa Shinqiti, nchi mashuhuri kwa ilimu, alipofika alimkaribisha kwa mashairi ya Kiarabu.

Katika tungo zake, ambazo zimesalia yapata 60, mna marithia mengi. Aliwalilia Bello na Gidado, nalo si ajabu. Lakini alimlilia pia Hauwa'u, mmoja katika majaji wake, mwanamke wa kawaida asiye na cheo, akataja namna alivyokuwa akiwaleta wanawake na kuwaongoza. Ni watungaji wachache waliomlilia mwanamke kwa sababu ya kazi yake ya kufundisha.

Nana Asma'u alifariki yapata mwaka wa 1864, Mwenyezi Mungu amrehemu. Maryam, ndugu yake mdogo, alishika mahali pake, safari za 'Yan Taru zikaendelea. Waingereza walipouteka mji wa Sokoto mwaka wa 1903 zilikuwa zingaliko. Karatasi zake zilibaki katika nyumba ya mawaziri, kizazi cha Gidado, mpaka zikakusanywa na kupigwa chapa mwaka wa 1997. Na huko kaskazini ya Nijeria wako wanawake ambao hata leo huziimba beti zake kwa moyo.