Christopher Strachey: Mwalimu wa Sekondari Katika Misingi ya Uprogramu

Miongoni mwa watu walioweka misingi ya uprogramu wa kompyuta, Christopher Strachey ana jambo moja linalompasa kuhesabiwa na sisi walimu kuwa mwenzetu: alishika chaki katika shule za sekondari kwa muda wa miaka saba kabla ya kuajiriwa kwa ajili ya kompyuta. Maisha yake yanastahili nafasi katika kurasa hizi kwa sababu njia aliyoitumia kuzielewa programu ni njia ambayo mwalimu wa Kasulu au Kibondo aweza kuitumia kesho asubuhi uwanjani, hata kama umeme umekatika.

Alizaliwa London tarehe 16 Novemba 1916. Baba yake, Oliver, alikuwa bingwa wa kufumbua maandishi ya siri katika vita vyote viwili vya dunia. Mama yake, Ray, alisoma hisabati, kisha akawa mmoja wa waliopigania haki ya wanawake wa Uingereza ya kupiga kura. Mtoto wa nyumba kama hiyo alitarajiwa kung'ara, lakini hakung'ara. Aliingia King's College, Cambridge, mwaka 1935, akaanza na hisabati, akahamia sayansi, na katika mwaka wa tatu akapatwa na maradhi ya akili yaliyomkatiza masomo. Digrii aliyoipata hatimaye ilikuwa ya daraja lisilotosha kumpa nafasi ya utafiti. Wakati wa vita alifanya kazi katika kiwanda cha vifaa vya simu na redio, na huko ndiko alikozoea mashine za kukokotolea. Vita vilipokwisha mwaka 1945 akaenda Canterbury kufundisha hisabati na fizikia katika shule ya St Edmund's. Mwaka 1949 akahamia Harrow.

Januari 1951 rafiki mmoja alimjulisha kwa watu wa Maabara ya Taifa ya Fizikia, waliokuwa na kompyuta iitwayo Pilot ACE. Mwalimu huyu alirudi nyumbani akaanza kuandika programu ya kucheza drafti. Ni mchezo uleule ambao vijana wetu huucheza kwa vizibo vya soda, ingawa sheria za kula hutofautiana. Pilot ACE ilikuwa na kumbukumbu ndogo mno kwa kazi hiyo. Strachey akamwandikia Alan Turing, ambaye alimfahamu tangu King's, akapata kitabu cha maelekezo ya mashine kubwa zaidi ya Manchester, akaandika programu ndefu kupita zote zilizokuwa zimewahi kuendeshwa pale. Ilipokwisha kazi yake, mashine ilipiga wimbo wa taifa wa Uingereza. Kufikia kiangazi cha mwaka 1952 iliweza kucheza drafti mchezo mzima. Mwezi Juni mwaka huohuo Strachey aliacha ualimu akaajiriwa na shirika la serikali la kuendeleza uvumbuzi.

Mambo ya miaka iliyofuata nayapita upesi: usanifu wa kompyuta, hotuba ya mwaka 1959 huko Paris juu ya programu nyingi kuendeshwa katika mashine moja kwa wakati mmoja, na kazi ya ushauri aliyoianza mwaka huo. Kwetu sisi jambo kubwa ni mwaka 1960, alipomwajiri kijana Peter Landin awe msaidizi wake. Kwa fedha yake mwenyewe, Strachey alimlipa Landin, naye kwa muda mwingi alishughulika na swali ambalo wateja hawakuliuliza: sentensi ya programu ina maana gani?

Swali hilo ni la mwalimu. Mwanafunzi aliyekwisha soma aljebra akioneshwa programu ya kawaida iliyoandikwa kwamba x ni sawa na x kuongeza 1, hushangaa, na ana haki ya kushangaa, maana katika aljebra hakuna namba ya namna hiyo. Programu ile haisemi kweli juu ya x. Inaiamuru mashine ifute namba ya zamani na kuandika mpya mahali palepale. Strachey na Landin walitaka programu zisomeke kama hisabati isomwavyo. Jina likishapewa thamani hubaki nayo, na kazi yote hufanywa na fanksheni, yaani kanuni ipokeayo kitu na kurudisha kitu kingine, bila kugusa chochote pembeni. Msingi waliuchukua kwa Alonzo Church, Mmarekani aliyeandika juu ya fanksheni katika miaka ya 1930, kabla ya kompyuta kuwapo.

Mwezi Agosti 1967, akiwa tayari kiongozi wa kikundi cha utafiti wa uprogramu alichokianzisha Oxford, Strachey alitoa mihadhara huko Copenhagen. Mojawapo ya mifano yake ilihusu orodha. Orodha zenyewe zilikwisha tumiwa na John McCarthy wa Marekani, katika lugha ya Lisp, tangu mwisho wa miaka ya 1950. Strachey alichukua fanksheni moja ambayo hupewa kanuni na orodha, ikaitumia kanuni hiyo kwa kila kitu kilichomo, ikarudisha orodha mpya. Akaonesha kwamba fanksheni hiyo haijali kama vitu ni namba au maneno, mradi kanuni na orodha zipatane. Akaipa tabia hiyo jina, na jina hilo lingali linatumika.

Hapa naomba nimwache Strachey kidogo niende bombani. Orodha huwashinda wanachuo wetu kwa sababu huifikiria kama mstari mrefu unaoonekana wote kwa mara moja. Tumewapanga wanachuo foleni, kila mmoja na namba kwenye kipande cha karatasi, kama watoto wenye ndoo za maji. Wa mbele haruhusiwi kuhesabu foleni. Anajua mambo mawili tu: yeye mwenyewe, na kwamba nyuma yake kuna foleni nyingine, fupi kwa mtu mmoja. Akiulizwa jumla ya namba zote, humwuliza wa nyuma jumla ya foleni yake, kisha huongeza namba yake. Wa mwisho hugeuka, huona nyuma yake hakuna mtu, hupokea 0 kutoka kwa foleni tupu, na jibu hurudi mbele mtu kwa mtu. Ubaoni tunaandika mistari miwili:

jumla ya orodha tupu ni 0;
jumla ya kichwa na mkia ni kichwa + jumla ya mkia.

Hiyo ndiyo programu nzima. Orodha ina maumbo mawili tu, tupu au yenye kichwa na mkia, na kila umbo lina jibu lake. Kazi hii huitwa kulinganisha maumbo. Mwanachuo akisahau mstari wa kwanza, wa mwisho kwenye foleni hubaki ameduwaa, na darasa zima huona kosa liko wapi. Nimefundisha jambo hili kwa vitabu na kwa foleni. Vitabu sitavirudia kwa somo la kwanza.

Kulinganisha maumbo hakukuwa kazi ya Strachey. Kulikuzwa Uskoti, chuoni Edinburgh, na kina Rod Burstall na Robin Milner, watu waliofuata nyayo za Landin. Na huko huko kukakomaa jambo la tatu ambalo ndilo hasa lililonifanya niandike makala haya. Wakati mmoja, nikikagua mazoezi ya kufundishia wilayani Kibondo, niliona ubaoni matokeo ya kidato cha pili yaliyopangwa kwa kompyuta. Kijana mmoja alikuwa wa mwisho, somo moja likiwa na 0. Siku ya mtihani huo alikuwa amelazwa hospitali. Mwalimu wa darasa alijua habari hiyo, lakini aliniambia kwamba mashine ndiyo iliyopanga. Kijana alikwisha hamishiwa mkondo wa wanaoitwa wazito.

Mashine haikukosea hesabu. Iliambiwa uongo. Chukua alama nne: 60, 40, hakuna, 50. Ukiandika 0 mahali pa hakuna, wastani ni 37.5, ukiwahesabu waliofanya mtihani tu, wastani ni 50. Katika lugha za fanksheni alama ya namna hii haiandikwi kuwa namba tupu. Huwekwa katika aina yenye maumbo mawili: Ipo 60, au Haipo. Namba imo ndani ya kasha, na hakuna awezaye kuijumlisha bila kulifungua. Na anayelifungua hulazimika kusema atafanya nini likiwa tupu. Akiliacha umbo la Haipo bila jibu, lugha nyingi za jamii hii humwonya kabla programu haijaanza kazi. Na ile fanksheni ya Copenhagen, ikipewa kanuni ya kugeuza alama za 100 kuwa za 50, hutoa Ipo 30, Ipo 20, Haipo, Ipo 25. Asiyekuwapo hubaki hakuwapo, na nafasi yake katika orodha haipotei.

Wanachuo huuliza kwa nini lugha nyingine zinamwacha mtu asahau. Ajabu ni kwamba sehemu ya jibu iko katika kiti cha Strachey mwenyewe. Tony Hoare, aliyekuja kukiongoza kikundi cha Oxford mwaka 1977, ndiye aliyeingiza katika lugha moja, mwaka 1965, alama ya utupu iwezayo kukaa mahali pa kitu chochote bila kutangazwa. Mwaka 2009 alikiri hadharani kwamba lilikuwa kosa lake, na hasara yake akaikadiria kuwa dola bilioni moja.

Strachey hakuyaona hayo. Vuli ya mwaka 1969 mwanahisabati Dana Scott alikuja Oxford, na kwa miezi michache wawili hao waliweka chini ya maana ya programu msingi wa hisabati uliokuwa haujapatikana. Mwaka 1971 alipewa uprofesa, yeye ambaye digrii yake ilimfungia mlango wa utafiti. Alikuwa mgumu wa kuchapisha. Aliandika upya mara nyingi na kuweka sandukuni. Alifariki kwa homa ya ini tarehe 18 Mei 1975, akiwa na umri wa miaka 58. Kitabu alichokiandika pamoja na Robert Milne kilitoka mwaka uliofuata. Maandishi ya mihadhara ya Copenhagen yalipita mkono kwa mkono miongoni mwa wasomi kwa zaidi ya miaka thelathini, na yalipigwa chapa jaridani mwaka 2000, mfano wa orodha ukiwa mlemle.