Mo Amin alianza na kamera ya kasi moja tu

Nenda Gakindu jioni ya siku ya soko, ile saa kumi na mbili na nusu wakati jua limeshazama nyuma ya Nyandarua na taa za vibanda zinaanza kuwaka. Kila kitu anachokitaka mpiga picha wa mtaani kiko hapo. Mama anamimina gorogoro la mwisho la maharagwe. Makanga ananing'inia mlangoni akiita watu wa Nyeri mjini. Nduthi inapita na magunia mawili na abiria juu yake. Unatoa simu, unapiga. Ukifungua picha, uso wa mama umekuwa ukungu na nduthi imegeuka mstari. Unalaumu simu, unaanza kuhesabu pesa za kununua nyingine.

Kabla hujamwomba cucu auze mbuzi, nikusimulie kidogo maisha ya Mohamed Amin, ambaye wengi walimwita Mo tu.

Kwanza tuelewane kuhusu neno moja: shata. Ni ile sehemu ya kamera inayofunguka kama pazia, mwanga ukaingia, kisha ikafunga. Simu yako haina pazia la kweli lakini kazi ni ile ile. Muda inaokaa wazi ndio kasi ya shata. Ukiona 1/50 maana yake imekaa wazi kwa sehemu moja ya hamsini ya sekunde. Kitu chochote kikisogea katika muda huo kinaacha mkia. Mkono wako nao ukitetemeka, picha nzima inaacha mkia. Jioni mwanga ni mdogo, kwa hivyo simu inaamua yenyewe kuiacha shata wazi muda mrefu zaidi. Hapo ndipo mama wa maharagwe alipopotelea.

Sasa turudi kwa Mo. Alizaliwa Eastleigh, Nairobi, tarehe 29 Agosti 1943, katika familia yenye asili ya Punjab. Baba yake alifanya kazi na shirika la reli, na kazi ilipompeleka Dar es Salaam, familia ikahamia huko. Ni Dar, akiwa bado mvulana wa shule, Mo alipopata kamera yake ya kwanza, Box Brownie.

Labda hujawahi kuiona. Ni kisanduku chenye lenzi, na kwa picha za kawaida kilikuwa na kasi moja tu ya shata, kitu kama 1/40 au 1/50. Huwezi kuongeza. Aina nyingi zilitoa picha nane tu kwa roli moja ya filamu, na filamu ni pesa.

Kwa kasi hiyo, mtu akikukatiza mbele akitembea, miguu yake inapotea. Ukiwa na kamera kama hiyo kuna njia tatu tu za kupata picha safi. Ya kwanza ni wewe kutulia: viwiko vimebana mbavu, pumzi umeishika. Ya pili ni kuchagua pembe, kwa sababu mtu anayekujia moja kwa moja haachi mkia mrefu kama anayekatiza. Ya tatu ni kungoja. Kila mwendo una mahali unapotulia kidogo. Anayepanda ngazi husita juu. Anayepiga jembe husimama nusu sekunde likiwa hewani. Kwa hivyo kabla mtoto wa Brownie hajajua kubadilisha kasi, alishalazimika kujua jinsi watu wanavyosogea.

Halafu yakaja magari. Mashindano ya East African Safari yalianza mwaka 1953, yakikatiza Kenya, Uganda na Tanganyika kwa barabara za vumbi na matope. Mo aliyapiga picha tangu akiwa mwanafunzi. Na gari la mashindano halikungoji. Hapo mpiga picha ana chaguo mbili. Kuna kasi kubwa, 1/500 au 1/1000, gari ligande hewani pamoja na kila tone la matope. Au kuna kasi ndogo huku mwili wako ukizunguka pamoja na gari na kidole kikibonyeza bila kusimama, gari litoke safi na miti ya nyuma iwe mistari. Ya kwanza inaonyesha gari. Ya pili inaonyesha mbio. Nduthi ya Gakindu inakuuliza swali hilo hilo kila siku.

Mwaka 1963, akiwa na umri wa miaka 20 hivi, Mo alianzisha kampuni yake Dar, akaiita Camerapix. Hebu fikiria ulikuwa ukifanya nini ukiwa na miaka 20. Januari 1964 mapinduzi yakatokea Zanzibar, naye akayafuata na kamera. Kazi ile ilikuja kumgharimu: mwaka 1966 alikamatwa visiwani akafungwa karibu mwezi mzima. Baada ya hapo makao yake yakawa Nairobi.

Tarehe 5 Julai 1969, Jumamosi mchana, Tom Mboya alipigwa risasi akitoka duka la dawa pale Government Road, leo ni Moi Avenue. Mo alifika mapema, akanasa zile dakika ambazo Mboya alikuwa akikimbizwa hospitali. Ile si siku ya kuuliza kasi gani inafaa. Watu wanasukumana, wanalia, na hakuna atakayerudia chochote kwa ajili yako. Kama mkono haujui kazi wenyewe, nchi inapoteza ushahidi. Ndiyo maana mazoezi ya sokoni si mchezo. Siku kubwa haikupi nafasi ya kujifunza.

Lakini kazi iliyompeleka Mo dunia nzima ni ya Oktoba 1984. Alifika Korem, kaskazini mwa Ethiopia, pamoja na mwandishi Michael Buerk wa BBC. Kulikuwa alfajiri, baridi kali, maelfu ya watu wamejifunika mablanketi, wengine wamekufa usiku huo kwa njaa. Mo hakukimbiza kamera. Aliipitisha polepole juu ya nyuso, akairuhusu ikae. Filamu ilionyeshwa Uingereza tarehe 23 Oktoba, kisha stesheni za nchi nyingi zikaichukua. Watu waliokuwa hawaijui Korem wakaanza kuchanga. Wanamuziki wakatoa wimbo wa Band Aid Desemba hiyo, na tarehe 13 Julai 1985 likaja tamasha la Live Aid.

Jambo ambalo wengi hawalitambui ni hili: kamera za habari za televisheni za wakati ule kwa kawaida zilipiga kila fremu kwa takriban 1/50. Yaani ni karibu kasi ile ile ya kisanduku cha Brownie. Kazi kubwa kuliko zote za Mo haikutegemea shata ya ajabu. Ilitegemea mambo ya mvulana wa Dar: mkono uliotulia, na subira ya kumtazama mtu mpaka mwisho.

Mkono huo nao alikuja kuupoteza. Juni 1991, ghala la silaha lililipuka Addis Ababa. John Mathai, mwenzake aliyekuwa akinasa sauti, alikufa papo hapo. Mo akapoteza mkono wa kushoto, na kila mpiga picha anajua mkono wa kushoto ndio unaobeba kamera huku wa kulia ukibonyeza. Alitengenezewa wa bandia, na baada ya miezi michache alikuwa amerudi kazini.

Tarehe 23 Novemba 1996 alipanda ndege ya Ethiopian Airlines kutoka Addis kurudi Nairobi. Watekaji watatu wakaiteka, mafuta yakaisha, ikaanguka baharini karibu na Ngazidja, Komoro. Watu 125 walikufa, na Mo alikuwa mmoja wao. Alikuwa na miaka 53.

Sasa wewe. Fungua kamera ya simu, tafuta sehemu iliyoandikwa Pro kama simu yako inayo, kisha herufi S. Hiyo ndiyo shata. Mtu aliyesimama, 1/125 inatosha. Anayetembea, 1/250. Mtoto anayekimbia, 1/500. Nduthi unayotaka igande, 1/1000. Kwenye giza, ongeza ISO. Picha itakuwa na chembechembe, lakini uso wenye chembe ni uso, na uso uliopotea hakuna anayeurudisha.

Ila kabla ya hayo yote, jipe wiki moja ya Brownie. Weka 1/50 usiiguse, jipe picha nane kwa siku basi. Piga alfajiri, jioni au ndani ya duka, kwa sababu saa sita mchana kasi hiyo kwenye simu itakupa karatasi nyeupe. Ukipiga, mwonyeshe mwenyewe picha yake. Akikuambia futa, futa. Mama wa maharagwe ni jirani yako, na kesho mtaonana tena.

Wiki ikiisha, hesabu ni ngapi zimetoka safi. Ukipata tatu kati ya nane, usiuze mbuzi wa mtu.