Benedicto Kiwanuka: Jaji Mkuu aliyetekwa nyara akiwa kazini

MNAMO Septemba 21, 1972, watu waliojihami kwa bunduki waliingia katika jengo la Mahakama Kuu jijini Kampala, wakamtoa Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka afisini mwake na kutoweka naye. Mwili wake haujapatikana hadi leo.

Siku chache awali, mahakama ilikuwa imeagiza Mwingereza mmoja aliyezuiliwa na wanajeshi aachiliwe huru. Katika uamuzi huo, Kiwanuka alishikilia kwamba jeshi halikuwa na mamlaka ya kumkamata.

Kiwanuka alizaliwa Masaka mnamo Mei 1922. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili alijiunga na kikosi cha King's African Rifles. Baada ya vita alisoma Basutoland, ambayo sasa ni Lesotho, kisha akaelekea London kusomea sheria na kufuzu kuwa wakili mwaka wa 1956.

Miaka miwili baadaye alitwaa uongozi wa chama cha Democratic Party (DP), kilichoshinda uchaguzi wa 1961. Machi 1, 1962 akawa Waziri Mkuu wa kwanza wa Uganda, lakini uchaguzi wa Aprili mwaka uo huo ukampa ushindi Milton Obote na washirika wake. Serikali ya Obote ilimtia kizuizini mwaka wa 1969.

Idi Amin aliponyakua mamlaka Januari 1971, alimfungulia Kiwanuka, na Juni akamteua Jaji Mkuu, Mganda wa kwanza kushikilia wadhifa huo. Wengi wangetarajia mtu aliyetolewa kifungoni alipe fadhila. Kiwanuka alichagua sheria, na wadhifa wake haukudumu hata miaka miwili. Aliuawa akiwa na umri wa miaka 50.

Kisa chake kina funzo kwa majirani. Nchini Kenya, marekebisho ya katiba ya 1988 yalimwezesha rais kuwafuta majaji bila jopo la kuwachunguza, hadi kinga yao iliporejeshwa 1990. Katiba ya 2010 iliweka kikomo bayana: Jaji Mkuu huhudumu kwa muda usiozidi miaka 10, na kila jaji hustaafu akitimiza umri wa miaka 70. Uganda nayo, kupitia Katiba ya 1995, huwastaafisha majaji wa ngazi ya juu wakifika miaka 70.

Kipindi kinachojulikana humzuia jaji kung'ang'ania kiti, na pia humzuia mtawala kumng'oa kwa hasira. Hata hivyo, kifungu cha katiba hakina mikono. Nguvu yake hutokana na serikali na majeshi kukubali kutii amri ya mahakama, hata inapowauma.

Tangu 2018, Idara ya Mahakama ya Uganda imekuwa ikimkumbuka Kiwanuka kwa mhadhara maalumu. Kaburi hana, ila uamuzi wake ungali unasomwa.