Aniceti Kitereza wa Ukerewe: Maisha ya Mtunzi na Safari ya Mswada Wake

Katika historia ya riwaya ya Kiswahili imezoeleka kuwapanga watunzi kwa tarehe za uchapaji wa kazi zao. Hutajwa James Mbotela na Uhuru wa Watumwa (1934), kisha hufuata nathari za Shaaban Robert za miaka ya 1950, kisha Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi (1971). Mpangilio huu unamwonea Aniceti Kitereza. Riwaya yake, Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka na Ntulanalwo na Bulihwali, ilitolewa na Tanzania Publishing House mwaka 1980, na kwa sababu hiyo huorodheshwa baada ya Gamba la Nyoka (1979) ya Kezilahabi, Mkerewe mwenzake. Ilhali mswada wake wa kwanza ulikamilika mwezi Februari 1945, wakati Kezilahabi, aliyezaliwa Namagondo mwezi Aprili 1944, hajatimiza hata mwaka mmoja. Kati ya kukamilika huko na kuchapwa ilipita miaka 35. Sehemu kubwa ya maisha ya Kitereza kama mwandishi imo ndani ya miaka hiyo 35.

Kitereza alizaliwa mwaka 1896 katika kisiwa cha Ukerewe, kikubwa kuliko visiwa vyote vya Ziwa Viktoria, mkabala na Mwanza. Alikuwa wa ukoo wa Abasilanga, ndio ukoo wa watemi wa kisiwa hicho, na mtemi Machunda alikuwa babu yake. Baba yake, Malindima, alifariki mwana angali mdogo, na mtoto akalelewa kwa jamaa zake wa kitemi. Jambo hili lina uzito katika kumwelewa mtunzi. Ikulu ya mtemi ilikuwa mahali ambapo mashauri yaliamuliwa, wageni walipokewa kwa taratibu zao, na wazee walisimulia nasaba na mambo ya kale. Mtoto aliyekulia hapo alisikia lugha ikitumika katika daraja zake zote, ya heshima na ya mzaha, ya barazani na ya jikoni.

Kisha ikaja misheni. Mapadri Weupe walikuwa wamekwisha kufungua kituo chao Kagunguli, na huko ndiko Kitereza alikojifunza kusoma na kuandika, akabatizwa kwa jina la Anicetus, papa wa karne ya 2. Kutoka hapo alipelekwa ng'ambo ya magharibi ya ziwa, katika seminari ya Rubya iliyoko nchi ya Wahaya, akasoma takriban miaka kumi, hadi 1919. Alisoma Kilatini, Kigiriki na Kijerumani, pamoja na falsafa na teolojia. Hakufikia upadre. Mwaka huo huo wa 1919 alimwoa Anna Katura, na ndoa yao ikawa ya Kikristo, ya mume mmoja na mke mmoja.

Si vigumu kuona matunda ya Rubya katika kazi zake. Mtu aliyefundishwa sarufi ya Kilatini hawezi tena kuitazama lugha ya mama yake kama hewa anayoivuta bila kuifikiri. Huanza kuiona kuwa nayo ina ngeli zake, nyakati zake na kanuni zake. Kitereza aliitumikia misheni akiwa katekista na mfasiri wa maandiko ya dini kwa Kikerewe. Kazi ya kufasiri, ambayo humlazimisha mtu kupima kila neno, ilikuwa shule yake ya pili, na huenda ilimfaa kuliko ile ya kwanza.

Aliyemsukuma kuandika kazi yake kubwa ni Padre Almas Simard, mmisionari kutoka Kanada aliyekuwa na hamu ya masimulizi na mila za Wakerewe. Azma ya Kitereza ilikuwa ya wazi: aliona vijana wa kisiwa wakiacha lugha na desturi za wazee wao, akataka kuwaachia kitabu ambacho kingewaonyesha jinsi watu walivyoishi kabla ya kuja kwa Wazungu. Wengine wenye azma ya namna hiyo huandika orodha ya mila, sura moja ya ndoa, nyingine ya mazishi. Yeye alichagua hadithi ya mtu na mkewe. Uamuzi huo ndio uliomtoa katika kundi la wakusanyaji wa mila akaingia katika kundi la watunzi.

Tabia yake ya kuandika inasomeka ndani ya riwaya yenyewe. Kitereza hafupishi. Mgeni anapobisha hodi, salamu hutolewa na kujibiwa hadi mwisho wake. Pombe ya ndizi inapotengenezwa, msomaji huifuata kazi kwa hatua zake, kuanzia ndizi hadi mtungi. Uvuvi, kilimo, uganga wa mitishamba, matanga na michezo ya watoto hupewa nafasi ile ile ambayo watunzi wengine huipa migogoro. Miti na dawa hutajwa kwa majina. Hayo ndiyo yaliyokuwa mapenzi yake binafsi: jinsi vitu vinavyofanywa, na maneno yanayoambatana na ufanyaji huo. Wapo wahakiki walioona kuwa wingi huu wa maelezo unaigeuza riwaya kuwa kitabu cha ethnografia. Hoja hiyo haitoshi. Katika jamii anayoieleza, adabu ndiyo inayobeba mgogoro. Mkwe anayedai mitungi ya pombe kabla ya kumrudisha binti yake anafanya siasa nzito kwa lugha ya taratibu, na msomaji anayeruka taratibu hizo atakosa kuiona vita yenyewe.

Kiini cha kisa ni utasa. Myombekere na Bugonoka hawana mtoto. Ndugu wa mume wanamsimanga mwanamke, na wazazi wake wanamchukua arudi kwao. Myombekere hawafuati jamaa zake wanaotaka aoe mwingine. Anakwenda kwa wakwe, anavumilia masharti yao, anarudi na mkewe, na wote wawili wanajitia mikononi mwa mganga. Hatimaye wanazaliwa Ntulanalwo na dada yake Bulihwali. Majina ya watoto hao, kwa desturi ya Wakerewe, yanabeba kumbukumbu ya huzuni ya wazazi. La binti lina maana ya kuuliza huzuni itakwisha lini.

Kitereza na Anna Katura hawakubakiwa na mtoto. Katika jamii yake, na hasa kwa mtu wa ukoo wa kitemi, ndugu wangetarajia aoe mke wa pili. Hakufanya hivyo. Ni hatari kusoma riwaya kama wasifu wa aliyeiandika, na onyo hilo wanafunzi wa fasihi hupewa mapema. Hata hivyo ni vigumu kuamini kuwa mtu huyu alichagua kisa cha Myombekere kwa bahati tu. Tofauti ni kwamba katika riwaya dawa inafanya kazi.

Baada ya 1945 ilianza safari ya mswada. Simard aliuchukua kwa nia ya kuufasiri kwa Kifaransa, lakini alifariki kabla ya kazi hiyo kukamilika. Wachapishaji hawakuwa na hamu na kitabu kirefu katika lugha yenye wasomaji wachache. Wakati huo nchi nayo ilikuwa ikibadilika: Tanganyika ilipata uhuru mwaka 1961, utemi ukafutwa mwaka 1963, na Kiswahili kikawa lugha ya taifa. Lugha za makabila zikabaki bila nafasi ya maana katika uchapaji. Mwishoni mwa miaka ya 1960 walifika Ukerewe watafiti wawili Wamarekani, Gerald Hartwig na mkewe Charlotte. Gerald alikuwa akitafiti historia ya kisiwa, na Kitereza akawa miongoni mwa watu waliomfaa sana. Hao ndio waliomtia moyo aifasiri riwaya yake mwenyewe kwa Kiswahili. Alikuwa amekwisha kupita umri wa miaka 70, na maradhi ya viungo yalikuwa yakimtesa.

Kwa mwanaisimu, tendo hilo la mzee kujifasiri mwenyewe ndilo lenye mengi ya kuchunguzwa. Kikerewe ni lugha ya Kibantu ya ukanda wa maziwa makuu, jirani wa Kihaya na Kizinza. Ina irabu tangulizi mbele ya viambishi vya ngeli, na inatofautisha wakati uliopita kwa daraja: jambo la leo, la jana, na la zamani za kale kila moja lina umbo lake la kitenzi. Kiswahili kina -li- tu kwa yote hayo, na mfasiri hulazimika kutumia vielezi au kuacha muktadha useme. Kiswahili cha Kitereza si cha Unguja wala cha wahariri wa Dar es Salaam. Sentensi zake zinajikunja kwa mwendo wa Kikerewe, na methali nyingi zimehamishwa pamoja na picha zake. Wasomaji waliozoea mizani ya Shaaban Robert walikiona kizito. Lakini uzito huo ni ushahidi: lugha ya kwanza inasikika chini ya ile ya pili, na kuusawazisha kungekuwa kufuta kile kilichomfanya mtunzi ashike kalamu.

Kitereza alifariki mwaka 1981. Nakala za kitabu zilipofika zilimkuta amekwisha kuzikwa. Aliandika ili Wakerewe wasome Kikerewe, na katika uhai wake wote mswada wa Kikerewe haukuchapwa.

Tangu hapo kazi yake imekuwa na maisha mengine. Wilhelm Möhlig aliifasiri kwa Kijerumani katika vitabu viwili, 1991 na 1993, akitumia matini ya Kiswahili; tafsiri ya Kifaransa nayo ilitoka kwa sehemu mbili, 1996 na 1999. Mwaka 2002 Mkuki na Nyota walitoa tafsiri ya Kiingereza ya Gabriel Ruhumbika, mtunzi na mzaliwa wa Ukerewe, ambaye alifasiri kutoka Kikerewe cha mwaka 1945. Kwa hiyo ziko nasaba mbili za matini, moja iliyopitia Kiswahili cha uzeeni na nyingine iliyotoka moja kwa moja katika mswada wa kwanza. Mtafiti anayetaka kujua Kitereza alibadilisha nini alipojifasiri, na ni nyakati zipi za kitenzi alizoziacha kisiwani, atapaswa kuanza kwa kuziweka hizo mbili mezani kwa pamoja.