Charles LeGeyt Fortescue na Dhana ya Mfuatano Sifuri

Wasifu wa wahandisi huandikwa kwa nadra katika lugha yetu, na unapoandikwa huishia kwa wabunifu wa vyombo vinavyoonekana, kama vile taa, simu na redio. Makala haya yanamhusu mtu ambaye kazi yake kubwa haishikiki kwa mkono. Charles LeGeyt Fortescue alibuni njia ya kufikiri, na kwa maoni yetu njia hiyo imeokoa transfoma nyingi kuliko chombo chochote alichokisajili kwa hataza, ingawa hataza zake zilizidi 180.

Alizaliwa mwaka 1876 huko York Factory, kituo cha biashara ya manyoya kando ya Ghuba ya Hudson, kaskazini mwa Kanada. Baba yake alikuwa msimamizi katika Kampuni ya Hudson's Bay. Mwaka 1898 alihitimu uhandisi umeme katika Chuo Kikuu cha Queen's, Kingston, akiwa miongoni mwa wahitimu wa mwanzo kabisa wa fani hiyo chuoni hapo. Baadaye alijiunga na kampuni ya Westinghouse huko Pittsburgh, Marekani, akadumu nayo maisha yake yote ya kazi, akishughulikia zaidi transfoma na vihami vya volteji kubwa.

Mnamo mwaka 1913 alianza kuchunguza kwa hisabati mwenendo wa mota za induksheni zinapolishwa umeme wa fezi tatu usio na uwiano. Tatizo hilo lilitokana na treni za umeme, ambazo hutumia fezi moja na hivyo kuivuruga mizani ya fezi tatu. Fezi zikilingana, hesabu ya moja hutosha kwa zote. Zisipolingana, hesabu huwa msitu. Fortescue aligundua kwamba mikondo mitatu isiyolingana yaweza kugawanywa katika seti tatu zenye ulinganifu. Ya kwanza hufuatana kwa mpangilio wa kawaida, ya pili hufuatana kinyume, na ya tatu haifuatani kamwe: mikondo yake yote hupanda na kushuka pamoja, kwa ukubwa ule ule. Tarehe 28 Juni 1918 aliiwasilisha nadharia hiyo Atlantic City, mbele ya Taasisi ya Wahandisi Umeme ya Marekani. Pamoja na mjadala uliofuata, ilichapishwa katika kurasa 114.

Seti hiyo ya tatu ndiyo iitwayo mfuatano sifuri. Istilahi hii yaweza kumpotosha mwanafunzi, kwani sifuri hapa ni pembe baina ya mikondo, wala si ukubwa wa mkondo wenyewe. Kwa kuwa mikondo hiyo huenda pamoja, haifutani inapokutana. Sharti ipate njia ya kurudia, nayo ni nyutro au ardhi.

Umuhimu wa jambo hili hudhihirika katika kinga ya transfoma. Rilei ya tofauti, ambayo si Fortescue aliyeibuni, hulinganisha mkondo uingiao na ule utokao, baada ya kuzingatia uwiano wa koili. Ikiona tofauti, huhukumu kwamba hitilafu imo ndani, na hukata umeme mara moja. Tuchukue transfoma iliyofungwa delta upande mmoja na nyota upande wa pili, nyutro ya nyota ikiwa imeunganishwa na ardhi. Tawi la mti likiugusa waya mmoja kilomita kadhaa nje ya kituo, upande wa nyota, mkondo wa mfuatano sifuri hupanda kutoka ardhini kupitia nyutro. Upande wa delta mkondo huo huzunguka ndani ya koili bila kutoka kwenye laini. Rilei basi huuona upande mmoja tu, na yaweza kuizima transfoma nzima isiyo na kosa, mji ukabaki gizani.

Dawa ya zamani ni kuunga transfoma za kupimia mkondo kwa delta upande wa nyota, na kwa nyota upande wa delta. Mfuatano sifuri hunaswa humo kabla ya kuifikia rilei, na tofauti ya pembe ya nyuzi 30 husahihishwa papo hapo. Rilei za tarakimu hufanya hivyo kwa hesabu: hujumlisha mikondo ya fezi tatu, hugawa kwa tatu, kisha hupunguza jawabu katika kila fezi. Tiba hii ina gharama yake. Hitilafu ya ardhi iliyo ndani ya transfoma, hasa karibu na nyutro, hufifia machoni pa rilei, ndiyo maana huongezwa kinga nyingine ya kuchunga upande wa nyota na nyutro yake pekee.

Fortescue mwenyewe hakubaki katika hesabu hizo. Mwishoni mwa miaka ya 1920 alijihusisha na radi, akashikilia kwamba kinachoangusha laini za volteji kubwa ni pigo la moja kwa moja, wala si volteji inayochochewa na radi ya pembeni. Msimamo huo ulikinzana na mawazo ya wengi wakati ule. Mwaka 1932 alitunukiwa nishani ya Elliott Cresson na Taasisi ya Franklin. Mwaka uliofuata wahandisi wawili, Wagner na Evans, walichapisha kitabu kilichoieneza njia yake kwa watendaji. Alifariki mwaka 1936, na mwaka 1939 ulianzishwa ufadhili wa masomo ya uhandisi umeme kwa jina lake.